Fiati Chini ya Dirisha la Mama Nashat

Mama Nashat alichukia moshi wa shisha kuliko kitu chochote, na hapo Shubra, mtaa wa Cairo alikozaliwa, vitu vya kuchukiza havikuwa haba. Dirisha lake la ghorofa ya chini lilikuwa jirani na mkahawa wa Shehata, ambaye viti vyake vilisogea kila mwaka kama maji machafu yanayotafuta mteremko. Kilichovizuia visifike dirishani kwake ni Fiati kuukuu ya marehemu mumewe, iliyoegeshwa pale tangu mazishi.

Gari lenyewe halikwenda popote. Lingekwenda wapi? Kazi yake ilikuwa kukalia nafasi, na mjini Cairo hiyo si kazi ndogo. Fundi alimwonya kwamba betri isiyotumika hufa kimya kimya, basi kila Jumapili akitoka kanisani aliliwasha lingurume kidogo, kisha akachomoa waya wa betri na kurudi ndani.

Wateja wa Shehata nao wakageuza boneti kuwa meza. Bilauri za chai juu yake, maganda ya mbegu za maboga kila mahali. Asubuhi moja akakuta kohozi kwenye kioo cha mbele, zito, la kijani. Siku ile ile akafungisha king'ora, na kwa kuwa king'ora hakilii bila umeme, waya wa betri haukuchomolewa tena. Paka akiruka, kinalia. Mtu akiegemea, kinalia. Mama Nashat akawa anacheka nyuma ya pazia, kumbe kile kinachomchekesha ndicho kinachoinyonya betri.

Ndipo manispaa wakaja na winchi, wakizoa magari mabovu barabarani. Shehata alikuwa mbele yao, akionyesha njia.

"Hili hapa, bwana mkubwa. Maiti."

"Maiti ni wewe," alisema Mama Nashat, akitoka na kandambili.

"Liwashe basi, mama," alisema mtu wa manispaa kwa uchovu. "Likiwaka, naenda zangu."

Akaingia, akazungusha ufunguo. Taa zikawaka kwa unyonge, stata ikasema tik, basi. Alizungusha tena na tena.

"Pole, Mama Nashat," alisema Shehata. "Arobaini yake tutaisoma hapa hapa kwangu. Chai juu yangu."

Mama Nashat akawatazama wale wanaume waliojipanga vitini na mipira ya shisha midomoni. Kuwaomba kitu watu hawa ilikuwa kama kumeza lile kohozi. Akalimeza.

"Jamani, nisukumeni."

Neno hilo mwanamume wa Cairo halisikii akabaki amekaa. Hata mwizi ataweka chini alichoiba kwanza, asukume. Wote wakainuka.

"Nyinyi mnakwenda wapi?" Shehata akauliza.

"Mama anataka kusukumwa, we Shehata. Unataka tumwangalie tu?"

Wakasukuma. Mama Nashat akatia gia ya pili, akaachia klachi. Fiati ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikawaka. Mtu wa manispaa akaipungia winchi mkono, wakaondoka. Mama Nashat hakuthubutu kusimama, isije ikazimika, na mtaa ule ni wa kwenda upande mmoja tu, kwa hiyo akazunguka mitaa ya nyuma akipiga honi kwa furaha.

Aliporudi, nafasi yake ilikuwa imejaa viti. Walioketi ni wale wale waliomsukuma, jasho halijawakauka, na moshi wao ulikuwa ukiingia dirishani kwake moja kwa moja.

"Karibu chai, Mama Nashat," alisema Shehata. "Tumekuta nafasi iko wazi."

Mama Nashat akarudi nyuma taratibu mpaka ekzosi ikakaribia kugusa meza ya kwanza, akatoa gia, akavuta breki ya mkono, akafunga vioo. Kisha akakanyaga mafuta. Moshi wa Fiati ile, yenye oili ya tangu enzi za marehemu, ukawafunika wote.

"Mama, unatuua!" mmoja alilia, akigonga kioo.

Akafungua kidogo tu.

"Vumilieni, wanangu. Betri ilikufa, inataka kuchajiwa. Fundi anasema niingurumishe mpaka ijae."

"Itajaa lini?"

"Mimi nitajuaje? Mimi si fundi."

Akafunga kioo, akakanyaga tena. Kwenye kioo cha pembeni akamwona Shehata, macho yanamtoka machozi, ameinama anabeba kiti.