Pikapu ya Ndululu na Nyuki wa Kambu

Ndululu wa Mbumbuni aliona punda ni mnyama wa watu wasio na mipango. Yeye alikuwa na pikapu, kuukuu kuliko chifu na yenye kelele kuliko kwaya, aliyoachiwa na mzungu wa shamba la mkonge aliporudi kwao. Watu walisema mzungu alikimbia hiyo pikapu. Ndululu hakuwasikia, alikuwa chini yake, akikaza nati.

Mwaka wa sabini na nne kijana wake Muli alipata mchumba, Mutindi binti Mutunga, huko juu ya Kambu. Sasa kwa Wakamba, hata mkiimbiwa kanisani mpaka paa linyanyuke, msichana si mke mpaka mbuzi wa ntheo wafike kwao, na baba ya kijana awe amesimama hapo. Mara mbili mbuzi walipanda pikapu, mara mbili ikazima njiani, na mbuzi ndio waliotangulia kurudi nyumbani, kwa miguu. Mzee Mutunga akatuma neno: "Jumamosi hii, kabla wazee wangu hawajatawanyika. Mkikosa, msijisumbue tena. Kuna mwenye duka Mtito Andei anauliza habari za Mutindi."

"Baba Muli," mkewe Syombua akasema, "twende na basi."

"Basi? Nionekane kama mtu asiye na gari?"

"Afadhali uonekane."

Jumamosi wakaondoka alfajiri, na pikapu. Iliimba vizuri hadi barabara kuu ya Mombasa. Kilima cha kwanza ikakohoa, ikapiga chafya, ikazima.

Ndululu akashuka kama daktari anayeingia wodini. Akatoa plagi, akazisugua kwa msasa, akazirudisha. Ikawaka! Akamtupia Syombua jicho la si-nilikwambia. Haukupita muda wa kuchoma hindi moja, ikazima tena.

"Ni koili imepata joto," akasema, akaivika kilemba cha Syombua kilicholowa maji. Ikawaka. Ikazima. "Ni pointi." Akazichokoa. Ikawaka. Ikazima. Kila alichogusa kilionekana ndicho, maana ile pikapu ikipumzika kidogo ilikuwa ikiwaka hata ungeikuna mgongo.

Muli alisukuma mpaka viatu vyake vipya vikafungua midomo. Njiani kila mtu alikuwa fundi. Mmoja akasema betri, mwingine akasema jicho la jirani. Mhubiri mmoja akaiwekea radieta mikono, akaiombea kwa sauti kubwa. Aliposema amina ikazima, na haikuwa hata imewaka.

Walipofika Kambu jua lilikuwa limeshavuka utosi, na hapo nyuki wakaja. Si wawili watatu. Wingu zima, hata kuku wakaingia kulala wakidhani ni usiku. Wakatua wote kwenye boneti. Mbuzi mmoja akajilaza akajifanya amekufa.

Othman, dereva wa lori kutoka Mombasa, alikuwa akinywa chai kibandani. Akaja na tambara linalofuka moshi, akawafukuza.

"Shikamoo, mzee. Mimi nimebeba petroli miaka, sijaona nyuki wakiifuata." Akafungua kabureta, akachomoa jeti, kile kijipande chenye kitundu cha kupitishia petroli, akakinyonya ili akizibue. Akalamba midomo. Akanyonya tena, bila haja.

"Mzee, petroli hii huwa unaiweka wapi?"

"Nyumbani. Kwenye debe."

"Debe la nini?"

Ndululu akawatazama mbuzi. Syombua ndiye aliyejibu. "La asali. Petroli imekuwa shida, akaiweka akiba. Nilimwambia alioshe kwanza."

"Nilioshe kwa maji gani?" Ndululu akafoka. "Mto ni mchanga mtupu! Mtu achimbe maji, ayabebe mgongoni, halafu aoshee debe? Na petroli inaosha mpaka grisi!"

"Grisi ndiyo, asali hapana," Othman akasema. "Inazama, inafika kwenye kabureta, inaziba. Nikisafisha itakwenda kidogo izibe tena. Tangi zima ni karamu, mzee."

Kilikuwa kimebaki kilima kimoja kirefu, na lori la Othman halingepita kijia chake. Syombua akateremsha mbuzi. "Muli, shika kamba, twende. Baba Muli, wewe je?"

"Siwezi kuiacha. Wataiiba."

"Nani? Nyuki?"

Wakamwacha ameshika usukani. Akaona vile angepanda kile kilima kwa miguu, wakwe wakimtazama, vumbi mpaka magotini. Akaona pia yule mwenye duka wa Mtito Andei akimchukua Mutindi. Akashika mlango. Akauachilia. Akaushika tena.

Alikuwa bado ameushika alipoona vumbi likiteremka kilimani: Mzee Mutunga mwenyewe, na vijana, na ng'ombe wawili wa plau.

"Mkwe wangu," Mutunga akasema, "mbuzi wamefika, wana heshima zao. Lakini bila wewe hao ni mbuzi tu. Shuka, wazee wameshashika fimbo zao."

"Nitashuka nikifika."

Mutunga alicheka mpaka akashikilia pembe ya ng'ombe. "Haya, fungeni mnyororo."

Hivyo ndivyo Ndululu alivyopanda kwa wakwe: ng'ombe mbele, nyuki nyuma, yeye katikati amenyooka kama gavana. Kwenye kona alitoa mkono dirishani kuonyesha anakata kulia. Kwenye mwinuko alibadilisha gia, na wanaoapa wanaapa kwamba ng'ombe waliongeza mwendo. Wazee wakarudisha fimbo chini wakaketi. Nani angeondoka akaacha kitu kama kile?

Uani akavuta breki. Akazungusha ufunguo, akazima injini iliyokuwa imezimika tangu Kambu, akafunga mlango, akaujaribu kama umefunga. Syombua akashika tama. Ndipo Ndululu akaenda kusimama kando ya mbuzi, Mutunga akapokea kamba, na Mutindi akawa mke wa Muli, jua likiwa limebakiza mwanga wa kuchunia mbuzi.