Pazia la Mashine ya Hesabu

Binti yangu alipiga picha ukurasa wangu wa hesabu kwa simu, na kabla sijaweka miwani vizuri mwandiko wangu uliopinda ulikuwa umesimama wima kwenye kioo kama umetoka kitabuni. Vipeuo vilikuwa na mapaa yao, sehemu zilikuwa na mistari yao.

"Nani ameandika?" nikamuuliza.

"Programu, baba."

"Programu nimeisikia. Nani yuko ndani?"

Alinitazama kwa ile huruma ambayo watoto huwaonea wazazi wenye shahada za zamani. Sikumlaumu. Hajui kwamba niliwahi kuambiwa maneno kama hayo, hapa hapa Dodoma, na mtu mwenye kofia safi na uso usio na wasiwasi.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye shemeji Dubai akawa mfanyabiashara. Mimi nilikuwa mwalimu kijana wa hesabu, nimepanga chumba mtaa wa Kikuyu, na nilijiona msomi mkubwa kwa sababu hakuna aliyekuwa ameniuliza swali gumu. Mwaka huo nilipewa kazi ya kutunga mtihani wa utamilifu wa kidato cha nne, ule wa pamoja wa shule kadhaa. Mwalimu wa taaluma, mzee wa Kigogo aliyekuja shuleni kwa baiskeli na kuifunga kwa minyororo miwili, aliniita ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sikiliza. Karatasi ikivuja sitamtafuta mwizi. Nitakuja kwako moja kwa moja."

Zamani tulikuwa tunaandika hesabu kwa mkono juu ya stensili, maana taipureta ya shule haikujua kipeuo wala sehemu, kisha tunadurufu wenyewe ndani ya chumba kilichofungwa. Haikuwa kazi ya kupendeza, lakini macho yaliyoiona yalikuwa machache. Sasa shule nyingine zilikuwa zimeanza kuleta mitihani iliyochapwa kwa kompyuta, na mwandiko wangu ukiwekwa kando yake ulionekana kama nyayo za kuku. Mkuu wa shule akataka kompyuta.

Ndipo nikaenda kwenye duka moja la vifaa vya ofisi, lenye ubao uliotangaza kwamba hesabu za mkono hugeuzwa kuwa za kitabu. Mwenye duka, kijana wa mjini mwenye ile kofia safi, ambaye babu zake walikuja na misafara kutoka pwani na hawakurudi, alinipokea kwa mikono miwili. Nyuma yake kulikuwa na pazia la kitenge, limebanwa kwa vibanio vya nguo.

"Unaweka karatasi, Mwalimu, mashine inasoma mwandiko yenyewe. Hakuna jicho la binadamu linalopita."

"Na pazia?"

"Vumbi la Dodoma unalijua. Mashine ina mapafu madogo."

Nilimpa ukurasa wa barua ya kawaida. Akaupeleka nyuma ya pazia na kurudi kusimama nami. Punde nikasikia kakara-kakara, kama mtu anapepeta choroko.

"Hiyo nini?"

"Inatafuna herufi."

Kisha mashine ikapiga chafya.

"Vumbi," akasema mwenye duka, bila kupepesa.

Nilirudi nyumbani na chafya ile kichwani. Kama ni mashine, mtihani wangu ungekuwa salama kuliko ndani ya chumba cha stensili. Kama ni mtu, mtu ana ndugu, ndugu ana mtoto kidato cha nne, na mimi nina barua ya kufukuzwa kazi. Nikaamua kutega mtego. Niliona fahari kubwa. Nilijihisi kama mpelelezi.

Nilichukua swali moja la mtihani wenyewe, lile nililolipenda kuliko yote: kipeuo cha pili cha 3x + 4, chote chini ya paa moja, ni sawa na 5, tafuta x. Pembeni nikafanya kazi ya kukokotoa hadi jibu, saba, na chini yake nikaandika: "Mwenye duka hili ni mwongo." Kisha nikapitisha mstari mmoja wa mshazari juu ya yote hayo ya pembeni, kona hadi kona, kama tunavyowafundisha wanafunzi wafanye na kazi ya pembeni ili msahihishaji asiihesabu. Mashine, nilijiambia, haijasoma shule zetu. Itanakili kila kitu, na mstari wenyewe.

Karatasi ilirudi inang'aa. Swali lilikuwa peke yake katikati, safi, paa la kipeuo likifunika 3x + 4 kama bati jipya. Pembeni hapakuwa na kitu.

"Mashine yako ilisoma shule gani?" nikamuuliza mwenye duka.

"Mwalimu, sijakuelewa."

Nikaeleza habari ya mstari. Niliieleza kwa kirefu, kwa sauti, kama natoa mhadhara. Kabla sijamaliza, vibanio vilifunguka na pazia likasogea. Akatoka mwanamke mwenye kanga mabegani na pua nyekundu kwa vumbi.

"Ile ya kumwita mume wangu mwongo sikuichapa," akasema, "kwa sababu ulishaikata. Kilichokatwa hakisahihishwi. Si ndivyo mnavyofundisha?"

Mume wake alitazama dari.

"Kwa nini mnadanganya watu?" nikauliza.

"Ungejua ni mimi, ungeleta mtihani? Ungeleta kadi za harusi. Mashine mnaiamini hata hamjaiona, mtu mnaanza kumuuliza ukoo wake."

"Hesabu umesoma wapi?"

"Hapa hapa. Nilipata F. Usiogope, Mwalimu, sijui kukokotoa hata swali lako moja. Kunakili ndiko ninakojua."

Ningekuwa na busara ningeondoka. Lakini siku za kudurufu zilikuwa zimekaribia, na F yake ilinipa faraja ambayo cheti cha daraja la kwanza kisingenipa. Tukakubaliana: atachapa mtihani wote huku nimekaa kando yake, na karatasi za mkono zitarudi mfukoni mwangu. Alichapa haraka, bila kuuliza. Mimi nilitazama vidole vyake, halafu macho yake, halafu mfuko wa mume wake. Alipofika lile swali la kipeuo aliacha, akasukuma kiti.

"Hili chapa wewe."

"Kwa nini? Si ulishalichapa?"

"Ndiyo maana. Ikivuja, mtakuja hapa kabla ya kwenda kwingine. Nataka na mkono wako uwemo."

Nikakaa kwenye kiti chake na kuanza kuwinda herufi kwa kidole kimoja. Alikuwa amesimama nyuma yangu, ananihemea shingoni.

"Usinitazame," nikamwambia. "Geukia kule."

Akageukia ukutani.

Mtihani ulifanyika. Nilisahihisha majibu ya shule zote kwa jicho la polisi, nikitafuta lile swali tu. Mtahiniwa wa kwanza aliandika theluthi moja. Wa pili, theluthi moja. Kijana mmoja wa mtaa wa Kizota, niliyekuwa namtilia shaka kwa sababu baba yake alinunua kalamu pale dukani, naye theluthi moja. Nikatazama karatasi iliyochapwa. Paa langu la kipeuo lilifunika 3x tu. Ile 4 nilikuwa nimeiacha nje, inanyeshewa.

Nikampelekea mwalimu wa taaluma. Alisoma karatasi, akasoma mwandiko wangu wa mkono, akacheka hadi akashika meza.

"Kwa hiyo aliyeona ule wa mkono angeandika saba."

"Ndiyo, mzee. Hakuna hata mmoja aliyeandika saba."

"Basi huko hakujavuja. Umewasafisha watu kwa ujinga wako." Akafikiri. "Na kama umevuja huu uliochapwa?"

"Mzee!"

"Nauliza tu."

Jioni nilipita dukani kuwaambia kwamba kazi za shule zitaendelea kuja. Mwenye duka alishukuru kwa mikono miwili. Mke wake alichukua karatasi, akalitazama swali kidogo tu.

"Paa fupi hilo," akasema. "Nililiona siku ile ile, niliporudi kitini."

"Mbona hukuniambia?"

"Si uliniambia nisitazame?"

Akarudi kukaa kwenye kiti chake, na kakara-kakara ikaanza. Safari hii mume wake hakulifunga pazia.