Kitambaa Kimoja na A-Ling

Mtu akiniuliza Kazija ni mtu wa namna gani, namwambia ni mtu anayeweza kukuvalisha kitu usichokitaka, ukakivaa, na ukamshukuru. Mimi si mtu wa kuburuzwa. Pale jengo la Tianxiu, hapa Guangzhou, ninapofanyia kazi ya kusafirisha mizigo, wateja wananiogopa kuliko wanavyowaogopa watu wa forodha. Lakini Jumapili ile nilitoka nyumbani mchana kweupe nimevaa gauni la kijani lililobanwa chini ya matiti na kushuka moja kwa moja mpaka vifundoni, na glavu nyeupe mpaka kwenye viwiko, kwa sababu Kazija kasema.

Kazija ni wa Unguja, Kikwajuni. Ananunua magauni ya sherehe soko la Zhanxi, mimi namsafirishia, na mumewe Tahir anayapokea nyumbani na kuyauza. Hana makuu. Ana sala zake, uji wake wa asubuhi, na simu ya Tahir kila siku. Magauni yenyewe ananunua kwa mwanamke mmoja tu, A-Ling, mtu wa Hunan mwenye kibanda orofa ya tatu. Lugha ya maana baina yao hakuna. Kazija ana Kichina cha sokoni, cha kuuliza bei na kuambiwa "mei you", ile "hakuna" ya wauzaji wakishachoka na wewe. A-Ling ana simu inayotafsiri. Hivyohivyo wamepiga soga miaka na miaka, mpaka kila mmoja anajua presha ya mwenzake imepanda lini na nani hapatani na mama yake.

Huyo A-Ling ana jambo lake. Yeye na wenzake wana kikundi cha kushona magauni ya mabibi wa Kiingereza wa miaka mia mbili iliyopita, kisha wanakodi ukumbi wa hoteli na kucheza ngoma za Waingereza hao, safu mbili zikitazamana. Mimi nikauliza, Mchina wa Guangzhou na ngoma ya Mwingereza wapi na wapi? Kazija akanijibu, na wewe wa Temeke na kontena za vigae wapi na wapi?

Mwaka huu zamu ya kuandaa sherehe ilikuwa ya A-Ling. Alimkatia mama yake tiketi ya treni aje amwone. Mama akamrudishia jibu kwamba mwanamke wa umri wake, hana mume wala mtoto, anavaa nguo za maigizo, akachekwe peke yake. A-Ling alimsimulia Kazija huku anacheka, lakini Kazija anasema macho hayakucheka. Kisha akamwomba aje yeye, maana hatakuwa na mtu wake hata mmoja.

Hapo ndipo alipomgusa penyewe. Kazija alipoolewa na Tahir, kwao walikuwa hawamtaki; mtu wa Tanga, dalali, ukoo wake hawaujui. Sare ilikuwa imeshachaguliwa na vitambaa vimeshakatwa, vimegawiwa kila nyumba. Siku ya harusi upande wa bwana wakaja wamependeza, wamevaa sare yao. Upande wake hakuja mtu. Mama yake alifunga mlango, mashangazi wakaumwa wote siku moja. Kazija alikaa kwenye zulia la harusi na wageni wa watu. Aliwahi kunisimulia mara moja tu, na mimi nilishikwa na uchungu nikataka kupanda ndege nikawatukane.

Basi siku moja pale kibandani akamwona A-Ling anakata kitambaa cha kijani kibichi chenye vimaua vyeupe. Akauliza, hiki ndicho cha sherehe? A-Ling akasema ndicho. Mwenzangu hakuuliza la pili. Alipiga picha kitambaa, akakitafuta soko zima la vitambaa mpaka akakipata, akaninunulia mimi, akamnunulia na Fifi, yule Mkongomani wa Lubumbashi mwenye duka la mawigi karibu na ofisi yangu, akatupeleka kwa fundi. Mtu ana shughuli na hana ndugu. Kwa Kazija dawa yake ni moja, unamvalia sare. Akatukataza kusema, iwe siri mpaka siku yenyewe.

Suala la kushikana mikono alikuwa ameshalimaliza. Alimwambia A-Ling mapema kwamba mkono wa mwanamume hashiki. A-Ling akamwambia wachezaji karibu wote ni wanawake, wengine wanacheza upande wa wanaume, na glavu wanavaa wote. Basi akasali alasiri, akajifunga kilemba cha kijani kilekile, tukaondoka watatu. Fifi njia nzima anajipiga picha, anajiita madame la duchesse, bibi wa kifalme.

Tulipoingia ukumbini watu waligeuka, na mimi nikadhani tumependeza. Kisha nikaona kila mmoja amevaa lake. Pinki, njano, michirizi, lesi. Hakuna gauni lililofanana na jingine. Waliofanana ni sisi watatu, na mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama mbele karibu na wapiga fidla. Alikuwa A-Ling. Kijani kilekile, vimaua vilevile. Alitutazama, akamtazama Kazija kwa muda, rangi ikamtoka usoni, akaweka kipepeo chake cha kujipepea mezani na kuingia nyuma ya pazia.

Msichana wa mlangoni, anayejua Kiingereza, akanijia amekunja uso. Akaniuliza kwa nini tumemkopi. Akasema kila mtu hapa hushona gauni lake kwa miezi, na kitambaa cha mwenyeji ndicho kisichoguswa na mtu. Akasema pia kwamba A-Ling aliwahi kuibiwa mitindo yake yote na mteja aliyemwamini, akaikuta inauzwa kibanda cha jirani, na ndiyo maana ameweka tangazo la kukataza picha. Hilo tangazo nalijua, Zhanxi nzima wanalo. Nikamkumbuka Kazija na simu yake anapiga picha kitambaa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kisha, kama kawaida yangu, aibu ikageuka hasira. Nikamwambia Kazija twende zetu, hatukuja kuitwa wezi na watu waliojivika mapazia. Fifi naye akasema mais non, hapana kabisa, yeye habaki mahali anapotazamwa hivyo. Kazija akaokota kile kipepeo mezani, akapita katikati ya watu wote wale na gauni lake, akaingia nyuma ya pazia. Ningefanyaje? Nikamfuata.

A-Ling alikuwa amekaa kwenye sanduku la spika ametupa mgongo. Kazija hakumgusa. Alichukua simu ya A-Ling iliyokuwa pembeni, akabonyeza pale anapobonyezaga kila siku, akaongea Kiswahili polepole kama anamwelekeza mtu njia.

"Kwetu mtu akiwa na shughuli, ndugu zake wanavaa kitambaa kimoja naye, ili kila anayeingia ajue mwenye shughuli ana watu. Niliona wewe huna mtu. Tumekuja kuwa watu wako."

Simu ikasema kwa Kichina. A-Ling akanyoosha mkono, akaichukua, akairudia kuisikiliza tangu mwanzo. Nje fidla zilikuwa zimenyamaza, na mimi nilikuwa nimeshika pazia kama mlinzi, nimeapa kwamba mtu yeyote akichungulia atanijua mimi ni nani.

Akageuka. Macho mekundu. Akamtazama Kazija kilemba, akamtazama mikono ya gauni aliyoirefusha kwa stara, kisha akaniangalia na mimi. Akaongea kwenye simu, na simu ikauliza kwa Kiswahili chake kile kikavu, "Siku ya harusi yako, watu wangapi walivaa?"

Kwa miaka yote ya urafiki wao hilo Kazija hakuwahi kumwambia. Hakungoja simu. Akatumia neno ambalo A-Ling amemwambia mara nyingi kibandani.

"Mei you," akasema. Hakuna.

A-Ling akasimama. Akajitazama gauni lake, akashika kitambaa chake kwa mkono mmoja na cha Kazija kwa mkono wa pili, akaviweka pamoja. Kisha akasema jambo kwenye simu, na simu ikalitoa.

"Basi leo mimi nimevaa ya harusi yako."

Mimi nililia. Sisemi machozi yalinilengalenga, nasema nililia, na Fifi aliyekuwa amekuja nyuma yangu akalia na kope zake za bandia zikamtoka.

A-Ling alitoka amemshika Kazija mkono. Akawaambia wenzake maneno machache kwa Kichina, sikuyaelewa, lakini yule msichana wa mlangoni alikuja kuniinamia akaniomba radhi, nikaipokea bila kununa sana. Mahali pa juu kabisa pa safu, anapoanzia mwenyeji, A-Ling akasimama upande mmoja na kumsimamisha Kazija upande wa pili, watazamane. Mimi na Fifi tukafuata chini yao. Ngoma yenyewe si ngumu. Unamwendea mwenzako, unarudi, mnashikana mikono, mnazunguka, kisha mmoja mmoja mnashuka katikati ya watu wote wanaowatazama. Kazija alishuka katikati ya safu zile analia waziwazi, glavu zake zikaloa, na kila alipofika mwisho A-Ling alikuwa hapo anamngoja.