Gari la Kinyozi na Soketi ya Mama Mkwe

Kinyozi yule alikuwa na maneno mengi kazini, lakini ukweni alikuwa bubu. Kwenye kiti chake mteja aliondoka na kichwa safi pamoja na habari zote za mtaa. Mbele ya mama mkwe, akishasema shikamoo, maneno yalimwishia. Sababu haikuwa siri. Alipokwenda kuposa, mama huyo, aliyekuwa mpokea simu wa hospitali na mwenye sauti ya kumtoa daktari usingizini, alimkagua kuanzia viatu hadi utosi, kisha akasema: "Kwa hiyo mwanangu atalishwa nywele za watu." Ndoa ilifungwa, watoto wakazaliwa, lakini neno lile halikumtoka moyoni.

Basi ikatokea kinyozi akanunua gari la umeme. Lilikuwa dogo, limetumika, rangi ya kijani kama embe bichi, na alilipenda kama mtoto apendavyo baiskeli mpya. Kwa furaha yake alisahau kujiuliza swali moja tu: litakula wapi?

Wao waliishi ghorofa ya nne. Siku ya kwanza aliteremsha waya dirishani, mkewe akamtazama akiwa ameshika kiuno.

"Mume wangu, unavua samaki?"

Kabla hajajibu, mlinzi wa jengo alikuwa amekwisha kuuchomoa waya kule chini, akipiga kelele kwamba watu watajikwaa. Kinyozi akajaribu dukani kwake. Gari lilipoanza kuvuta umeme, taa zilififia, na mashine ya kunyolea ikaguna ikazima katikati ya kichwa cha mteja. Yule bwana alikaa nusu upara, nusu msitu, mpaka gari lilipochomolewa. Ramani ya simu ikamwonyesha kituo cha kuchajia nyuma ya hoteli moja. Alikwenda polepole, kiyoyozi amezima, jasho linamtiririka kwa kubana matumizi. Alipofika alikuta mtambo umefunikwa turubai.

"Hiyo ni pambo, bosi," askari wa getini akamwambia. "Tangu ilipoletwa haijawahi kuwaka."

Jioni ile mkewe, huku akikunja nguo, alisema kama anayejisemea: "Kwa mama kuna soketi ya nje. Marehemu baba aliiweka kwa ajili ya mashine yake ya kukatia majani."

"Kwa mama yako?"

"Ulidhani nasema mama wa nani?"

Maji yakizidi unga, mtu husahau haya. Jumapili kinyozi akapiga hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama mkwe alilizunguka lile gari kama anayekagua mbuzi mnadani. "Litakula kwa muda gani?"

"Mpaka jioni, mama."

"Mpaka jioni! Hata tembo hushiba mapema."

Akamwacha alichomeke. Kinyozi aliketi sebuleni, magoti yamebanana, akihesabu maua ya pazia. Mama mkwe alifuma. Saa ya ukutani peke yake ndiyo iliyozungumza. Jumapili iliyofuata ikawa hivyo hivyo, ila alimenyeshwa viazi. Iliyofuata tena, redio ilikoroma, kinyozi akaifungua, akasafisha nyaya, ikaimba. Mama mkwe akasema "Haya," na kinyozi akarudi nyumbani akiwa na kitu cha kumsimulia mkewe.

Siku moja mama mkwe aliinama barazani kuukagua waya, kitambaa kikamteleza kichwani. Kinyozi aliona mvi zilizosokotana kisogoni kama sufi ya mto uliopasuka. Magoti yalikuwa yakimsumbua mama huyo, ngazi za saluni hazipandi tena, na kwa kiburi chake hakumwambia hata binti yake. Kinyozi aligeuza uso akajifanya anatazama gari.

Wiki iliyofuata alikuja na mkoba.

"Huo wa nini?"

"Wa kazi, mama. Nimepita nao tu."

"Siku ya mapumziko?"

Kinyozi akausukuma mkoba chini ya kiti. Mama mkwe alifuma mistari miwili, akafumua mmoja.

"Si unanyoa wanaume, wewe?"

"Kichwa ni kichwa, mama."

Mama mkwe akauweka ufumaji wake chini. Kisha akakiburuta mwenyewe kiti mpaka barazani, akaketi, akavua kitambaa. Kinyozi alimfunga taulo shingoni, akaanza kuzifungua nywele fundo moja baada ya jingine, taratibu asije akamwumiza. Na mkono ulipopata kazi yake, ulimi nao ukafunguka. Akamweleza habari za yule bwana wa nusu upara. Mabega ya mama mkwe yakaanza kutikisika. Kinyozi alidhani analia, kumbe anacheka mpaka machozi.

Alipomaliza alimpa kioo. Mama akajitazama mbele, akajitazama ubavuni.

"Mkono wako mwepesi," alisema. Kwa mama yule, hiyo ilikuwa hotuba.

Kisha sokoni kikafunguliwa kituo cha kuchajia, kizima, karibu kabisa na duka la kinyozi. Gari likawa linashiba kabla hajamaliza vichwa viwili. Jumapili ikafika, betri imejaa pomoni, naye hana kisingizio. Akalizungusha gari barabara ya pembezoni mwa mji, akaizunguka tena, ili betri ishuke. Mkewe, aliyekuwa kando yake, alivumilia mpaka wakapita duka lile lile la rangi mara ya tatu.

"Huwezi kwenda kumsalimia mama bila kuwa na njaa ya umeme?"

"Ataniuliza nimefuata nini."

Na kweli aliuliza. Mama mkwe alichungulia dashibodi, maana siku hizi alikwisha kujua kuisoma. "Hili limeshiba. Umefuata nini?"

"Nimekuja kukaa, mama."

Mama alijifunga kitambaa vizuri kichwani. Kisha akaingia ndani, akatoka na mkoba wa mkononi na viatu vya kutokea, akamwamuru binti yake ahamie kiti cha nyuma.

"Nipelekeni kwa dada yangu. Tangu magoti yaharibike sijamwona."

"Ni mbali, mama," kinyozi akasema. "Na milima ile, betri inaweza kutuishia njiani. Sijui kama huko kuna pa kuchajia."

"Wewe endesha," mama mkwe akajibu, akivuta mkanda. "Pa kuchajia nitapaomba mimi. Nimeamsha madaktari bingwa, nitashindwa kumwamsha mtu mwenye soketi?"

Walisimama mara mbili njiani, kwa seremala na kwa mjane mmoja mfugaji wa kuku. Kote kuwili mama mkwe alishuka mwenyewe akapiga hodi, na kote aliwaambia wenyeji, kwa ile sauti yake ya hospitali: "Huyu ni mwanangu. Ni kinyozi."