Mama Pazia na Wasomaji wa Ghorofa ya Tatu

Mama Pazia alianza kuandika shajara akiwa msichana, na kwa miaka thelathini hakuna aliyesoma hata mstari. Madaftari yake yalikaa chini ya vitambaa, kando ya cherehani. Alikuwa mshonaji wa mapazia, ndiyo maana jina likamganda. Aliandika kwa ufupi: "Leo kanuna tena. Nimenyamaza." Nani kanuna, hakuandika. Alimjua.

Mumewe, Fundi, alitengeneza majokofu. Alikuwa mtu wa mizaha, sauti yake ikisikika kabla hajafika mlangoni. Asubuhi moja, akiwa anafunga kamba za viatu, kiharusi kikamwangusha. Upande wa kulia ukapooza, ulimi ukawa mzito. Waliishi vyumba viwili ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti. Kumteremsha Fundi kulihitaji wanaume wanne, na wanaume wanne hawapatikani kila siku. Basi akabaki juu, na mkewe akabaki naye. Wateja walileta vitambaa mlangoni, wakafuata mapazia mlangoni.

Binti yao, muuguzi katika mji mwingine, alikuja kumwona baba yake akakuta daftari wazi mezani. Alisoma kabla mama yake hajalinyakua.

"Mama, haya watu wangeyasoma."

"Watu gani? Hayo ni mambo yangu."

"Ila hueleweki. Hapa umeandika 'amekataa tena.' Nani? Amekataa nini?"

"Si najua mwenyewe!"

"Ndiyo, wewe unajua."

Kabla ya kuondoka, binti alimfungulia blogu kwenye simu, akaiita Ghorofa ya Tatu. Mama Pazia aliibeza siku tatu. Siku ya nne, Fundi alipolala mchana, akajaribu: "Mume wangu alikuwa fundi wa majokofu. Leo amekataa chai yangu. Kwa nusu ya mdomo amesema hata friji zake hazikupoza hivi." Kesho yake watu arobaini walikuwa wamecheka. Baada ya miezi sita walikuwa maelfu.

Kila alichoandika alimsomea Fundi kwanza. Fundi akiitikia kwa kichwa, kinakwenda. Wasomaji wakamwita shujaa, mke wa kupigiwa mfano, malaika. Mwanzoni sifa zilimkaa kama gauni jipya. Baadaye zikaanza kumbana kwapani.

Ikafika siku Fundi alijichafua mara tatu kabla ya adhuhuri. Mara ya tatu Mama Pazia alimvuta mkono kwa hasira, akamwumiza. Fundi hakulalamika, aligeukia ukuta tu. Alipopitiwa na usingizi, mkewe akachukua simu akaanza: "Leo tumecheka..." Akafuta. Akalitafuta daftari.

Aliandika kurasa mbili bila kunyanyua kalamu: jinsi alivyousogelea mlango, akashika kitasa, akatamani ateremke ngazi zote asirudi. Kisha akajisoma. Juu kabisa alikuwa ameandika: "Mume wangu, ambaye upande wake wa kulia umepooza..." Akaduwaa. Anaelezwa nani? Daftari lilimjua Fundi tangu uchumba. Hata humu, peke yake, tayari alikuwa na watu mbele yake, anawakaribisha, anawapa viti. Kujiandikia mwenyewe hakuwezi tena, na watu anaowaandikia hawezi kuwaambia. Huku kumefungwa, na huku kumefungwa.

Fundi alipoamka akamsomea zote mbili. Alipomaliza hakuthubutu kumtazama.

"Hata... mimi," Fundi akasema.

"Hata wewe nini?"

Maneno yalimchukua muda. "Ningekuwa na miguu... ningeshaondoka zamani."

Mama Pazia akacheka, kisha akajikuta halii wala hacheki. "Niwaambie?"

Fundi akaitikia kwa kichwa.

Akazinakili kurasa zote mbili kwenye blogu. Wengine walimshukuru, wakasema na wao wana vitasa vyao. Wengine walimshushua: mke gani huyu, malaika kumbe pembe zilikuwa kwenye kilemba. Kesho yake dada yake Fundi alipanda ngazi akihema.

"Umetuvua nguo, wifi! Dunia nzima!"

"Kaka yako nilimsomea kwanza."

"Mgonjwa atakukatalia nini? Mambo kama hayo mtu anakaa nayo moyoni."

"Nimekaa nayo, wifi. Ulijua?"

Wifi akajipepea kwa ncha ya khanga.

"Basi sasa umejua. Alhamisi njoo umwangalie kwa saa mbili."

Wifi akataja magoti yake, akataja wageni, akataja ngazi. Kutoka kitandani Fundi akasema, "Njoo." Alhamisi akaja, midomo kaivuta mbele kama anataka kupiga mluzi.

Mama Pazia akateremka. Jua la nje lilimchoma macho. Aliingia duka la vitambaa, akashikashika vitambaa ambavyo hakuvihitaji, akatoka. Akaketi kwenye benchi nje ya posta. Kila simu ya mtu ilipolia, moyo ulimruka: Fundi ameanguka. Moyo ukitulia, sentensi zinaanza kujipanga zenyewe kichwani: "Wapendwa, leo nimetoka..." Alijaribu kutazama watu wanaopita bila kuwaeleza kwa mtu yeyote. Alishindwa. Hata dakika arobaini hazijafika, akainuka.

"Mbona mapema?" wifi akauliza.

"Nimechoka kukaa." Akavua viatu, akaenda kumgeuza Fundi ubavu wa pili.