Mdomo wa Pipa

Chuma chenye kutu kikilowa mvua ya kwanza hutoa harufu ninayoisikia kooni kabla haijafika puani. Ikinijia, huwa nimechuchumaa tena ndani ya pipa, uani kwetu Likasi, na baba anapigwa.

Baba alikuwa mchoraji wa mitambo kiwandani. Mishahara ilipokatika akawa anashinda nyumbani akinifundisha kuchora, na hakuwa na huruma hata chembe. Kila mdomo wa pipa niliouchora ulitoka umechongoka huku na huku.

"Mama, angaria muzuri," aliniambia, mimi binti yake wa miaka tisa. "Hii iko samaki. Mudomo ya pipa haina na pembe."

Kisha ananichuchumaza, ananisimamisha, ananipandisha kitini. Nikiwa juu, duaradufu ya mdomo wake inanenepa, nikishuka, inakonda, mdomo ukilingana na macho yangu, unabaki mstari tu. Ukinizidi kimo, ndani sioni kitu. Nilichoka nalo lile pipa, natamani kulipiga teke.

Mwaka ule sisi wenye asili ya Kasai, mkoa mwingine, tukaanza kuitwa bilulu, yaani wadudu, na kufukuzwa mjini. Nyumba ya kwanza mtaani ilipochomwa, baba aliliinua pipa juu ya matofali, mdomo ukampita mtu mrefu. Majirani walidhani anatengeneza bafu. Mama alitangulia stesheni na wadogo zangu. Sisi tulibaki kufunga mizigo.

Vijana waliingia na mapanga na minyororo ya baiskeli. Baba alikuwa ameshanitumbukiza.

"Kilulu! Batoto beko wapi?"

"Balisha kuenda ku gare," baba alijibu, yaani stesheni.

Kupitia tundu la kutu niliona mnyororo ukimpasua uso. Wakamlaza, wakampondaponda mkono wa kulia kwa tofali. Nilisikia mifupa. Mmoja alilizunguka pipa, akainua macho, akaona chuma kitupu, akarudi kumpiga mateke. Nililing'ata gauni langu nikimwomba baba anitazame, mara moja tu. Hakunitazama.

Nilimchukia kwa hilo. Kwenye treni nilikataa kuketi karibu naye, na yeye, mkono umefungwa kwa kanga ya mama, hakunilazimisha.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa. Anayepigwa hutafuta jicho la mtu wake, na wa baba nilikuwa mimi, pale pale, pipani juu yake. Angeinua macho, wangeyafuata. Wangepanda.