Saa Yangu na Redio ya Mke Mwenzangu

Wivu ninao, sikatai. Tangu mume wetu amnunulie mke mwenzangu Zainabu redio, Ramadhani hii anafuturu kwake kila siku, eti anasubiri adhana ya redioni. Mimi, bibi wa watu, nabaki na bakuli zangu na saa ya ukutani ya marehemu baba, ile iliyokuwa ikifuturisha nyumba kumi zote.

Juzi mchana nikaikuta imesimama. Nikaitia ufunguo ikaanza kwenda, lakini majira niyapate wapi? Zainabu akaniita, "Bi mkubwa, njoo usikilize saa huku kwangu."

Bora nife. Nikangoja treni ya abiria, inayoingia Tabora saa kumi na moja. Honi ilipolia, nikaweka mishale hapo hapo.

Mawingu ya mvua yalikuwa yamelificha jua. Saa yangu ilipofika magharibi, nikapaza sauti ua mzima usikie: "Baba Athumani, futari tayari. Redio ya watu imelala."

"Una hakika?"

"Saa ya baba yangu haijapata kudanganya."

Akaja kwangu. Akatia tende mdomoni, akashushia uji, akausifu. Wajukuu wakafuata. Nikajiona bibi harusi.

Mara mawingu yakaachana, jua likatuangaza usoni. Honi ya treni ikalia.

Zainabu akachungulia mlangoni na kibao chake cha chapati, hata hakucheka. "Bi mkubwa, ya abiria ndiyo hiyo inaingia. Ile ya mchana ilikuwa ya mizigo."

Baba Athumani akanitazama, tende ya pili shavuni.